Inês de Castro: Tarihi, Kisakale na Safari ya Kisa Chake hadi Malindi

1.0 Utangulizi

Katika mapokeo ya fasihi ya Ulaya ni visa vichache vya mapenzi yaliyoishia katika maafa ambavyo vimesimuliwa mara nyingi, na katika lugha nyingi, kama kisa cha Inês de Castro, mwanamke wa Galicia aliyeuawa mjini Coimbra, Ureno, tarehe 7 Januari 1355. Kisa hiki kinatofautiana na kile cha Tristan na Isolde, ambao kuwapo kwao hakujathibitishwa na historia. Inês alikuwa mtu halisi. Baba yake anajulikana, watoto wake wanajulikana, na kaburi lake lipo hadi leo. Kwa sababu hiyo kisa chake kinampa mtafiti fursa adimu ya kutazama jinsi tarihi inavyogeuka kuwa kisakale hatua kwa hatua.

Makala haya yanaeleza maisha ya Inês na kisha yanafuatilia masimulizi makuu yaliyomhusu. Hoja inayojengwa ni kwamba swali lililosababisha kifo chake lilikuwa la urithi wa ufalme, na kwamba swali hilo hilo liliendelea kuongoza namna alivyosimuliwa. Kila msimulizi alilazimika kuamua kama Inês alikuwa mke au hawara, au kutafuta njia ya kulikwepa suala hilo. Kwa wasomi wa fasihi ya Kiswahili kisa hiki kina umuhimu wa ziada, kwani simulizi lake mashuhuri kuliko yote limewekwa katika maji ya pwani ya Afrika Mashariki, na msikilizaji wake ni mfalme wa Malindi.

2.0 Asili yake na ujio wake Ureno

Inês alizaliwa katika miaka ya 1320. Baba yake, Pedro Fernández de Castro, alikuwa miongoni mwa makabaila wenye nguvu kubwa Galicia, katika milki ya Castile. Mama yake, Aldonça Lourenço de Valadares, alitoka katika ukoo wa Kireno, nao wazazi hao hawakuwa wameoana. Kwa upande wa baba, Inês alikuwa kitukuu cha Mfalme Sancho IV wa Castile, ingawa kwa tawi lililozaliwa nje ya ndoa. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye, kwani Pedro, mwanamfalme wa Ureno aliyezaliwa mwaka 1320, alikuwa mjukuu wa Sancho huyo huyo kwa upande wa mama. Wawili hao walikuwa ndugu wa damu, na kwa sheria za Kanisa Katoliki za wakati ule hawakuweza kuoana bila ruhusa ya Papa.

Inês aliingia Ureno mwaka 1340 akiwa mpambe katika msafara wa bibi harusi. Bibi harusi huyo alikuwa Constança Manuel, aliyekuwa akiolewa na Pedro. Constança mwenyewe alikuwa binti wa Juan Manuel, kabaila na mwandishi aliyekamilisha mwaka 1335 mkusanyiko wa hadithi za mafunzo uitwao El Conde Lucanor, mojawapo ya nguzo za nathari ya Kihispania. Ndoa hiyo ilikuwa ya kisiasa. Ilikuwa imefungwa kwa uwakilishi tangu mwaka 1336, na ikachelewa kukamilika kwa sababu mfalme wa Castile, Alfonso XI, alimzuia Constança asiondoke.

Pedro alimpenda mpambe badala ya mkewe. Mapokeo yanaeleza kwamba Constança alipojifungua mtoto wake wa kwanza alimfanya Inês mama wa ubatizo wa mtoto huyo, akikusudia kuweka kati yake na Pedro udugu wa kiroho ambao nao ulikuwa kizuizi cha ndoa. Mtoto hakuishi, na kizuizi hicho hakikuzuia kitu. Mwaka 1344 Mfalme Afonso IV, baba yake Pedro, alimfukuza Inês kutoka Ureno, naye akahifadhiwa katika ngome ya Alburquerque, ng'ambo ya mpaka.

Ngome hiyo ina maana katika kisa hiki. Ilikuwa mali ya familia ya marehemu Afonso Sanches, ndugu wa Afonso IV kwa baba, aliyezaliwa nje ya ndoa. Kati ya mwaka 1320 na 1324 Afonso, alipokuwa bado mrithi, alipigana vita dhidi ya baba yake mzazi, Mfalme Dinis, kwa kuamini kwamba mzee huyo alikuwa akimpendelea Afonso Sanches na angeweza kumpa ufalme. Kwa hiyo mtu aliyekuja kutoa amri ya kuuawa kwa Inês alikuwa amekwisha kuona, katika nyumba ya baba yake, jinsi watoto wa nje ya ndoa wanavyoweza kuiingiza nchi vitani.

3.0 Mauaji ya Coimbra

Constança alimzaa Fernando, mrithi halali, mwaka 1345, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Pedro alipobaki mjane alimrudisha Inês bila idhini ya baba yake. Waliishi pamoja katika sehemu mbalimbali za kaskazini ya Ureno, na hatimaye wakakaa Coimbra, katika makazi ya kifalme yaliyokuwa karibu na nyumba ya watawa ya Santa Clara. Makazi hayo yalihusishwa na bibi yake Pedro, Malkia Isabel, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1625. Inês alizaa watoto wanne: Afonso, aliyefariki angali mchanga, João, Dinis na Beatriz.

Kwa Mfalme Afonso na washauri wake watoto hao walikuwa hatari kwa namna mbili. Kwanza, Fernando alikuwa mrithi mmoja tu, tena mtoto, ilhali upande wa pili ulikuwa na wavulana wawili wenye wajomba wenye nguvu. Pili, wajomba hao, Fernando na Álvaro Pires de Castro, walihusika katika uasi wa makabaila wa Castile dhidi ya mfalme wao, na walimshawishi Pedro adai kiti cha Castile kwa haki ya mama yake. Endapo angekubali, Ureno ingetumbukia katika vita visivyoihusu.

Mwanzoni mwa Januari 1355 mfalme alikutana na washauri wake huko Montemor-o-Velho. Uamuzi ulikuwa kwamba Inês auawe. Tarehe 7 Januari, Pedro akiwa mawindoni, mfalme alifika Coimbra pamoja na watu wake, na Inês akakatwa kichwa. Majina matatu yamebaki katika kumbukumbu kama ya waliohusika zaidi: Pêro Coelho, Álvaro Gonçalves na Diogo Lopes Pacheco. Maiti ilizikwa katika kanisa la Santa Clara.

Pedro aliasi. Kwa miezi kadhaa majeshi yake pamoja na ya akina Castro yaliharibu nchi ya kaskazini na kuuzingira mji wa Porto. Malkia Beatriz, mama yake Pedro, alisaidia kuleta suluhu, na Agosti 1355 mapatano yalifikiwa huko Canaveses. Pedro aliahidi kuwasamehe wauaji. Baba yake alifariki mwaka 1357, na ahadi hiyo haikudumu.

4.0 Malkia baada ya kifo

Pedro I alipotawala alifanya mambo matatu ambayo ndiyo msingi wa kisakale chote kilichofuata. Jambo la kwanza lilikuwa kisasi. Mwaka 1360 alikubaliana na mfalme wa Castile, jina lake pia Pedro, wabadilishane wakimbizi. Coelho na Gonçalves walirudishwa na kuuawa mjini Santarém kwa kung'olewa mioyo, mmoja kupitia kifuani na mwingine kupitia mgongoni. Pacheco aliwahi kutoroka.

Jambo la pili lilikuwa kiapo. Mwaka huo huo wa 1360, huko Cantanhede, Pedro aliapa kwamba alikuwa amemwoa Inês kwa siri mjini Bragança yapata miaka saba nyuma. Mashahidi wake walikuwa kasisi aliyedaiwa kuifungisha ndoa hiyo, ambaye wakati huo alikuwa askofu wa Guarda, na mtumishi wa mfalme aitwaye Estêvão Lobato. Hakuna aliyeweza kuitaja siku yenyewe. Kama kiapo kilikuwa kweli, basi Inês alikufa akiwa mke halali na wanawe walikuwa wana wa mfalme kwa haki zote. Kama kilikuwa uongo, basi mfalme alikuwa ameapa ili kumpa marehemu kile alichonyimwa akiwa hai.

Jambo la tatu lilikuwa kaburi. Pedro aliagiza makaburi mawili ya mawe yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa kwa ajili ya nyumba ya watawa ya Alcobaça, mahali pa maziko ya wafalme. Mwili wa Inês ulihamishwa kutoka Coimbra kwa msafara mkubwa wa makabaila, makasisi na watu waliopanga mstari wenye mishumaa. Juu ya kaburi lake amelazwa Inês wa jiwe mwenye taji kichwani, akizungukwa na malaika. Ubavuni imechongwa habari ya maisha na mateso ya Kristo, na miguuni Siku ya Hukumu. Kaburi limebebwa na viumbe vilivyoinama, nusu watu na nusu wanyama. Pedro alifariki mwaka 1367 akazikwa kando yake.

Taji hilo la jiwe lilisema waziwazi kile kiapo cha Cantanhede kilichotaka kukithibitisha. Ikumbukwe pia kwamba makaburi hayo mwanzoni yaliwekwa bega kwa bega. Mpangilio wa leo, ambapo yanaelekeana nyayo kwa nyayo, ni wa karne ya 20. Hata hivyo wageni wengi huelezwa kwamba Pedro alitaka hivyo ili siku ya kiyama wapenzi hao wainuke na kuonana uso kwa uso. Huo ni mfano mzuri wa kisakale kinachozaliwa nyuma ya kitu na kisha kukipa kitu hicho asili yake.

5.0 Urithi wa kiti na kalamu ya Fernão Lopes

Fernando, mwana wa Constança, alifariki mwaka 1383 bila mtoto wa kiume. Binti yake, Beatriz, alikuwa ameolewa na mfalme wa Castile, na kumtambua kungekuwa kuitoa nchi. Waliobaki walikuwa wana wa Inês, João na Dinis, pamoja na João mwingine, Mkuu wa Shirika la Aviz, ambaye Pedro alimzaa na mwanamke mwingine baada ya kifo cha Inês. João mwana wa Inês alikuwa kifungoni Castile, tena jina lake lilikwisha kuchafuka. Mwaka 1379 alimwua mke wake mwenyewe, Maria Teles, katika mji ule ule wa Coimbra ambamo mama yake aliuawa.

Baraza la wawakilishi wa matabaka lilikutana Coimbra mwaka 1385. Mwanasheria João das Regras, aliyemtetea Mkuu wa Aviz, alijenga hoja kwamba ndoa ya Bragança haikuwapo, na kwamba hata kama ingekuwapo isingekuwa halali kwa sababu Papa hakuiruhusu. Hoja hiyo ilishinda. Wana wa Inês waliwekwa katika daraja moja na mpinzani wao, yaani watoto wa nje ya ndoa, na kwa kuwa wote walikuwa sawa, baraza likawa huru kumchagua limtakaye. Tarehe 6 Aprili 1385 Mkuu wa Aviz alitangazwa Mfalme João I, na Agosti mwaka huo ushindi wa Aljubarrota dhidi ya Castile ukakithibitisha kiti chake. Kwa maneno mengine, nasaba ya Aviz iliingia madarakani kupitia mlango uliofunguliwa kwa kukanusha kwamba Inês alikuwa mke.

Mwandishi wa tarihi Fernão Lopes aliajiriwa na Mfalme Duarte, mwana wa João I, mwaka 1434 ili aandike habari za wafalme wa Ureno. Tarihi yake ya Pedro ndiyo chanzo kikuu cha kisa hiki. Lopes anasimulia mapenzi ya Pedro kwa heshima na msafara wa Alcobaça kwa taadhima, lakini anapofika kwenye kiapo cha Cantanhede anaonyesha shaka, hasa kuhusu mfalme aliyeshindwa kukumbuka siku ya harusi yake. Shaka hiyo ni ya mwanahistoria makini. Pia ni shaka iliyomfaa bwana aliyemlipa mshahara. Lopes alimpa Inês huruma yote ila cheo.

6.0 Masimulizi ya karne ya 16

6.1 Resende na Ferreira

Katika mkusanyiko wa mashairi uliochapwa mwaka 1516, Garcia de Resende alimpa Inês sauti. Katika utungo wake marehemu mwenyewe anasimulia kifo chake, na mwishoni wanawake wa mahakama ya mfalme wanaambiwa kwamba wafalme wa Uhispania na Ureno wametokana na uzao wake. Jambo hilo lina msingi katika nasaba. Beatriz, binti wa Inês, aliolewa Castile, na binti aliyemzaa, Leonor de Alburquerque, akawa malkia wa Aragon. Kilichokataliwa mwaka 1385 kwa sheria kilirudi kwa njia ya uzazi.

António Ferreira, katika tamthilia yake Castro iliyotungwa katikati ya karne hiyo na kuchapwa mwaka 1587, alikichukua kisa hiki na kukiweka katika umbo la tanzia ya Kigiriki, pamoja na kiitikio cha wanawake wa Coimbra. Ferreira anaonyesha mfalme aliyekatikakatika moyo kati ya huruma na maslahi ya dola, ambaye mwishowe anawaachia washauri wake watende asichoweza kukitamka. Pedro na Inês hawakutani jukwaani hata mara moja. Kwa hiyo tamthilia hiyo inasisitiza mjadala wa utawala kuliko mapenzi yenyewe, na katika hilo inaikaribia tarihi kuliko tungo nyingi zilizofuata.

6.2 Camões na mfalme wa Malindi

Simulizi lililokieneza kisa hiki duniani ni la Luís de Camões katika Os Lusíadas, utendi uliochapwa Lisbon mwaka 1572. Camões aliijua pwani ya Afrika Mashariki kwa macho yake. Akirejea kutoka India alikwama kwa muda katika kisiwa cha Msumbiji, na mwandishi wa tarihi Diogo do Couto anaeleza kwamba alimkuta huko akiwa fukara, akiishi kwa msaada wa marafiki, huku akiutengeneza utendi wake. Shujaa wa utendi ni Vasco da Gama katika safari yake ya 1497 hadi 1499. Akiwa Malindi, baada ya kukumbana na uhasama Mombasa, Gama anaombwa na mfalme wa mji aeleze nchi yake na watu wake. Jibu lake linajaza sehemu ya tatu hadi ya tano ya utendi, na ndani ya sehemu ya tatu ndimo kisa cha Inês kinamosimuliwa.

Nafasi ya kisa katika mfuatano wa simulizi inastahili kuangaliwa. Kinafuata mara tu baada ya vita vya Salado vya mwaka 1340, ambamo Afonso IV alisaidia kuwashinda Waislamu. Hivyo mfalme Mwislamu wa Malindi anasimuliwa kwanza jinsi mfalme wa Ureno alivyowashinda Waislamu wenziwe, kisha jinsi mfalme huyo huyo alivyomwua mwanamke asiye na silaha. Camões alikuwa na tatizo: shujaa wa Salado hakuweza kubaki shujaa kama damu ya Inês iko mikononi mwake. Alilitatua kwa kuhamisha lawama. Mkosaji wa kwanza anakuwa Mapenzi yenyewe, yanayosemwa kama mungu katili, kisha wanafuata manung'uniko ya watu na ukali wa washauri. Mfalme anayasikia maombi ya Inês akiwa na wajukuu wake mbele yake, anataka kusamehe, lakini anashindwa na wanaomzunguka. Suala la ndoa ya Bragança haligusiwi. Inês anakuwa malkia baada ya kufa tu, mahali ambapo cheo hakimnyang'anyi mtu kiti.

Mfalme wa Malindi wa utendi ni hadhira ya namna ya pekee. Katika utendaji wa fasihi simulizi hadhira huitikia, huuliza, hupinga, na hivyo hushiriki kuunda simulizi. Huyu husikiliza sehemu tatu nzima, na mwishoni huwasifu wafalme wa Ureno. Haulizi kwa nini mwanamke aliuawa, wala wanawe walikwenda wapi. Laiti angeuliza swali hilo la pili, jibu lingefika moja kwa moja hadi kwa aliyemtuma Gama, kwani Mfalme Manuel alikuwa wa nasaba ya Aviz.

Mkutano halisi wa Aprili 1498 ulikuwa tofauti. Taarifa ya safari iliyoandikwa na mmoja wa wasafiri inaonyesha kwamba Gama hakushuka pwani. Yeye na mfalme walikutana wakiwa katika mashua, wakizungumza kwa wakalimani waliotumia Kiarabu, kuhusu urafiki na rubani wa kuwafikisha India. Wareno waliondoka na rubani wao tarehe 24 Aprili. Hakuna hadithi ya mapenzi katika taarifa hiyo. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, majeshi ya Ureno chini ya Francisco de Almeida yalizipora Kilwa na Mombasa. Camões, aliyeandika baada ya hayo yote, aliirudisha pwani hii katika siku moja ya urafiki, akamweka hapo msikilizaji mkarimu wa Kiafrika na Kiislamu, na kumfanya shahidi wa utukufu na huzuni ya Ureno. Sauti ya Malindi yenyewe haimo.

7.0 Maiti iliyovishwa taji

Tukio linalojulikana zaidi na watu wengi leo ni lile la Pedro kuifukua maiti ya Inês, kuivika taji na kuwalazimisha makabaila kuibusu mkono. Tukio hilo halimo katika tarihi ya Lopes, wala halimo katika Camões. Lilipata umbo la kudumu katika tamthilia ya Mhispania Jerónimo Bermúdez, Nise laureada, iliyochapwa Madrid mwaka 1577. Tamthilia pacha yake, Nise lastimosa, inaifuata kwa karibu kazi ya Ferreira. Inaelekea taji la jiwe la Alcobaça na maneno ya Camões kuhusu malkia wa baada ya kifo yaligeuzwa kuwa tendo la jukwaani. Luis Vélez de Guevara alililipa tendo hilo umaarufu zaidi katika tamthilia ambayo jina lake linataja kutawala baada ya kufa.

Kutoka hapo kisa kilivuka mipaka ya rasi ya Iberia. Houdar de la Motte alikipeleka kwenye jukwaa la Paris mwaka 1723, na Giuseppe Persiani akakifanya opera mjini Naples mwaka 1835. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa imekaliwa na Wajerumani, Henry de Montherlant alitoa La Reine morte, ambamo mhusika mzito ni mfalme mzee anayeua bila kuwa na hakika ya sababu. Mwaka 1963 Mreno Herberto Helder alichapisha hadithi fupi inayosimuliwa na Pêro Coelho mwenyewe akisubiri kung'olewa moyo. James MacMillan alitoa opera nyingine huko Edinburgh mwaka 1996. Katika mazungumzo ya kila siku ya wasemaji wa Kireno, jambo likikwisha kuharibika bila dawa, husemwa kwamba Inês amekwisha kufa.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Inês de Castro yanajulikana kwa sababu ya watu waliomzunguka: mfalme aliyeogopa, mwanamfalme aliyelipiza, mwanasheria aliyekanusha, mwandishi aliyetia shaka na washairi waliomlilia. Yeye mwenyewe hakuacha neno lolote lililohifadhiwa. Maneno yote anayosema kuanzia mwaka 1516 aliwekewa kinywani na wengine, na kila aliyemsemea alikuwa na mfalme wake wa kumridhisha au hadhira yake ya kuiliza.

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba kisakale hakikuzaliwa kwa sababu tarihi ilisahauliwa. Kilizaliwa kwa sababu tarihi ilikumbukwa mno na wenye maslahi nayo. Baraza la 1385 lilipomnyima Inês haki ya mke, mahali pekee palipobaki pa kumpa taji palikuwa kaburini na katika sanaa, na sanaa ikaendelea kumvisha taji hilo kwa karne nyingi bila kukirudishia kizazi chake kiti. Kwa watafiti wa fasihi ya pwani, kazi inayobaki ni kuisoma upya sehemu ya tatu ya Os Lusíadas kutoka upande wa msikilizaji, yaani kutoka Malindi, na kuuliza maswali ambayo mfalme wa utendi hakupewa nafasi ya kuyauliza.